Jenereta inanguruma, moto hakuna!

Wiki hii tuweke mapenzi pembeni, tuongee kuhusu kitu kinachotafuna mshiko wa vijana waliojiajiri: jenereta. Nasema zile ndogo za saluni, vibanda vya kunyolea na studio za picha. Umeme ukikatika unavuta kamba, inanguruma kama kawa, lakini taa hata kupepesa haipepesi. Hapo kasheshe.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu ana saluni. Jenereta yake ilizingua Ijumaa, na kesho yake ana bibi harusi na wapambe wake. Fundi akaja, akaitazama, akatoa hukumu: koili imeungua, lazima isukwe upya, leta hela ya waya wa shaba. Kupima hajapima! Nikamwambia, "Dada yangu, usitoe hata senti. Tumwite mwingine mwenye mita."

Msomaji, nyingi ya jenereta hizi hazina brashi wala regulita ya elektroniki. Bosi wao ni kapasita, kikopo kidogo chenye waya mbili. Ndani kuna koili mbili zisizozunguka: kubwa inapeleka umeme kwenye soketi, ya pili imeungwa na kapasita. Katikati inazunguka rota, na chuma chake kina usumaku kiduchu uliobaki tangu mara ya mwisho. Rota ikizunguka, usumaku huo unazaa volti chache. Koili ya pili na kapasita zinapitisha mkondo, mkondo unaamsha umeme kwenye waya za rota, diodi zinauelekeza upande mmoja, na rota inazidi kuwa sumaku. Inaendelea hivyo mpaka chuma kishibe, volti zitulie kwenye 230 hivi. Spidi nayo ina kazi yake: rota ya pole mbili inataka mizunguko 3000 kwa dakika ili upate hezi 50.

Sasa ugonjwa. Fundi apime soketi injini ikinguruma, bila mzigo. Akipata volti 2 mpaka 5 hivi, usumaku upo. Mtuhumiwa namba moja ni kapasita, halafu diodi za rota, halafu waya uliokatika kwenye koili ya pili. Akipata sifuri kabisa, ama waya wa kwenda soketi umekatika, ama usumaku umekwisha, mara nyingi kwa mashine kukaa muda mrefu bila kuwashwa. Huo unarudishwa kwa betri ya volti 12, na ni kazi ya fundi, injini ikiwa imezimwa. Volti zikiwa nusu, mara nyingi diodi moja imekufa au kapasita imechoka. Zikipungua kidogo tu, aangalie spidi kwanza. Koili iliyoungua kweli haijifichi: inanuka, inakuwa nyeusi, na mara nyingi injini inalemewa hata bila mzigo.

Ya yule dada? Fundi wa pili alipata volti 3. Akaipima kapasita: imeandikwa mikrofaradi 20, mita ikasoma karibu na sifuri. Ikafungwa mpya, na bibi harusi akatoka bomba. Koili ilikuwa nzima!

Lakini usijifanye mjuaji. Kapasita hubaki na umeme hata jenereta ikizimwa, inaweza kukurusha. Lazima imalizwe chaji kabla ya kuguswa. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zake zisipungue za ile ya zamani. Ukifunga kubwa zaidi, volti zinapanda na kuunguza redio na televisheni za wateja. Na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, inaua watu usingizini.

Kwa hiyo ukisikia "isukwe upya", muulize fundi swali moja tu: "Kapasita umeipima?" Akianza longolongo, mpe nauli aende zake.