Vikao vya mji viwe darasa la uraia

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Malindi anaweza kueleza bila kusita jinsi mswada unavyopitia hatua zote Bungeni hadi ukawa sheria. Muulize mwanafunzi huyo huyo ni nani anayeamua siku ya kuzolewa taka mtaani Maweni, au ushuru wa meza ya samaki sokoni hupangwa katika kikao gani, naye atanyamaza. Simlaumu. Yamkini hata mzazi wake anayelipa ushuru huo kila asubuhi hajui. Maoni yangu ni kwamba kutojua huku kunatugharimu, na kwamba shule zina uwezo wa kukuondoa.

Shughuli za mji ni mambo madogo madogo: mtaro ulioziba, taa ya barabarani iliyozimika, leseni ya duka, machinjio, makaburi, maegesho ya magari. Ni nadra mambo haya kuonekana katika ukurasa wa kwanza wa gazeti. Hata hivyo, ndiyo yanayoamua iwapo mtoto atafika shuleni miguu mikavu wakati wa masika, na iwapo muuza mboga atarudi nyumbani na faida. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyakabidhi karibu yote kwa serikali za kaunti, pamoja na masoko, uzimaji moto na elimu ya chekechea.

Haikuwa hivyo daima. Hadi mwaka 2013 Malindi ilikuwa na baraza lake la manispaa. Kila wadi ilimchagua diwani wake, madiwani wakamchagua meya, na mambo yakajadiliwa katika kamati kabla ya kufikishwa mbele ya baraza zima. Mabaraza hayo yalikuwa na dosari zake, na wengi wanayakumbuka kwa askari waliowakimbiza wachuuzi. Isitoshe, sheria ya serikali za mitaa iliwafunga mikono: bajeti na sheria ndogo zilihitaji idhini ya waziri aliyekuwa Nairobi. Lakini lilikuwepo jema moja. Mkazi alimjua diwani wake, alijua anapokaa, na aliweza kumsimamisha njiani akamwuliza habari za mtaro.

Mwaka 2013 mabaraza yote 175 ya Kenya yalikoma, na kazi zake zikachukuliwa na kaunti 47. Malindi na Kilifi, miji miwili iliyokuwa kila mmoja na baraza lake, ikajikuta chini ya serikali moja yenye makao yake mjini Kilifi. Wawakilishi wa wadi tunawachagua bado, lakini hao hukaa katika bunge la wadi 35, kutoka Rabai hadi Magarini, na mtaro wa Shella hupigania nafasi na bwawa la Ganze. Mambo ya mji wenyewe yamewekwa chini ya bodi ya manispaa, kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Wajumbe wa bodi hawapigiwi kura na wakazi kama walivyopigiwa madiwani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kiongozi aliyechaguliwa huogopa kura. Aliyeteuliwa hana hofu hiyo, na kwa hivyo kinga pekee ya mkazi ni kujua kinachoamuliwa, na kukijua mapema. Waliotunga sheria walilitambua hilo. Sheria hiyo ya 2011 inawapa wakazi mabaraza ya wananchi, wajadili huduma na bajeti na kufuatilia mwenendo wa maafisa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliamuru bunge la kaunti kuendesha vikao vyake hadharani. Aidha, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi ya umma, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, pasipo kutozwa ada ya maombi, na ofisi inapaswa kutoa uamuzi katika muda wa siku 21.

Haki isiyotumiwa huota kutu. Nyaraka za bajeti za kaunti zetu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza kizito, kurasa juu ya kurasa, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mvuvi aliyealikwa kutoa maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma hakualikwa kwa hakika.

Wapo watakaosema kwamba kuwapeleka watoto katika mambo haya ni kuwatia siasani. Siafikiani nao. Kuuliza taka zinazolewa lini si kumpigia mtu debe. Wengine watadai kwamba hesabu za mji ni kazi ya wataalamu. Wataalamu na wafanye hesabu. Lakini anayejua maji yanaposimama baada ya mvua ni yule apitaye hapo kila siku, na mara nyingi huyo ni mwanafunzi.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, bodi za manispaa za Malindi na Kilifi zibandike ajenda na muhtasari wa maamuzi yake kwa Kiswahili sokoni, shuleni, misikitini na makanisani. Pili, walimu wa Historia na Serikali wawapeleke wanafunzi wakasikilize kikao cha bunge la kaunti, kisha wakirudi waandike kumbukumbu za kile walichosikia. Tatu, kila darasa lichague jambo moja la mtaa wake, liandike barua chini ya sheria ya 2016, na lihesabu siku 21 ukutani. Jibu likija, watakuwa wamejifunza jinsi mji unavyoendeshwa. Lisipokuja, watajifunza kukata rufaa, nalo ni somo lisilopungua thamani.

Ni matumaini yangu kwamba muhula huu hautakwisha kabla ya barua ya kwanza kufikishwa. Iwe fupi, iwe ya adabu, na iulize habari za mtaro.