Mtafiti yupo kazini, kwenye takwimu za ajira haonekani

Kijana anayetaka kuwa mtafiti akiuliza nafasi ziko ngapi, takwimu za ajira hazimpi jibu. ISCO-08, mfumo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa kupanga kazi, hauna kundi la watafiti. Kwa mfumo huo, mtafiti wa mbu pale Ifakara anaingia namba 2131, pamoja na wanabiolojia wengine. Mhadhiri wa chuo kikuu, hata akishinda maabara, ni 2310: anasomeka mwalimu. UNESCO inahesabu watafiti, ila haionyeshi nafasi mpya wala mikataba inayokufa mradi ukiisha. Ndiyo maana wanaoanza shahada ya uzamili wanakisia tu. Dodoso la ajira likiuliza pia, "Muda wako mwingi unaenda kwenye utafiti?", watafiti wataanza kuonekana.