Roketi zarushwa Pwani, dishi liko Longonot: faida iko wapi?

Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru kwa njia ya chini, ukishateremka bonde na kufika Mai Mahiu, mlima Longonot uko mbele yako. Nje kidogo ya mji huo, upande wa barabara ya Narok, yamesimama madishi makubwa yaliyoelekezwa mbinguni. Hicho ndicho kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970. Miaka hiyo, simu ya ng'ambo na picha za televisheni kutoka nje zilikuwa zikiingia nchini kupitia bondeni hapo.

Sisi watu wa Pwani mwaka huo tunaukumbuka kwa jambo jingine. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ambayo Wamarekani wenyewe waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi mwaka mmoja, nchi moja: Pwani inarusha, Bonde la Ufa linapokea. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, swali ni lile lile. Je, sisi tulikuwa wenye chombo, au tulikuwa bandari tu ya kupitishia mizigo ya wenyewe?

Swali hili si la historia. Kenya ina Shirika la Anga za Juu tangu 2017, na mazungumzo ya kuwa na kituo kipya cha kurushia roketi yamekuwa yakirudi kila mara. Kila yanaporudi, Pwani hutajwa. Kwa hivyo ni vyema tujue kinachotafutwa kwetu ni nini hasa.

Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Kwenye mstari wa ikweta mwendo huo ni karibu kilomita 1,670 kwa saa, na ukienda kaskazini au kusini unapungua. Roketi ikirushwa Ngomeni, nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, inaondoka na mwendo huo bure kabla hata haijawashwa. Pale Cape Canaveral, Marekani, unapata kama 1,470. Pale Baikonur, walikokuwa wakirushia Warusi, unapata kama 1,160. Setilaiti ya karibu inahitaji mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, hivyo tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwenye roketi kila kilo ina bei yake. Jambo la pili ni bahari: mashariki yetu ni maji matupu, na vipande vya roketi vinavyoachwa njiani huanguka huko bila kumdhuru mtu.

Wafaransa walililijua hilo wakaenda Kourou, Guyana, nyuzi tano kutoka ikweta, wakarusha Ariane kuanzia 1979. Wachina nao walijenga kituo kisiwani Hainan, kusini kabisa mwa nchi yao, na kikaanza kurusha mwaka 2016. Waitaliano walitutangulia wote hao kuja kwetu. Profesa Luigi Broglio alileta majukwaa ya chuma, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikapaa kutoka hapo.

Mwaka huo huo wa 1967 Marekani ilirusha kwa mara ya kwanza Saturn V, roketi ya mita 110 iliyowapeleka watu mwezini baadaye. Scout yetu ilikuwa na mita 23 tu, ya mafuta magumu, yenye vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine. Ukilinganisha, moja ni meli na nyingine ni ngalawa. Lakini ngalawa ile ilifanya kazi: kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipanda kutoka Ngomeni, za Italia, Marekani na Uingereza. Baada ya Machi 1988 roketi zikasita. Kituo cha nchi kavu kikabaki kikifuatilia setilaiti na roketi za wengine.

Hesabu ya Kenya yenyewe ikoje? Setilaiti yetu ya kwanza, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa Mei 2018 kutoka kituo cha kimataifa cha anga kwa msaada wa Wajapani. Ya pili, Taifa-1, iliondoka California tarehe 15 Aprili 2023 juu ya Falcon 9, roketi ambayo kipande chake cha kwanza hurudi kutua na kutumika tena. Ilipanda kama abiria wa matatu, pamoja na mizigo mingine hamsini hivi. Nchi inayopitiwa na ikweta, yenye jukwaa lililorusha tisa za wenzake, imelazimika kupanda gari la watu ng'ambo kwa zote mbili zake.

Silaumu kupanda gari la watu. Siku hizi roketi ni usafiri wa kukodi, na kujenga ya kwako ni gharama ya kutisha. Kinacholeta faida ni kile kilichobebwa na habari inayorudi chini. Na hapo ndipo Nakuru inapotufunza.

Kwa zaidi ya mwaka kumi sasa maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru limevamia mbuga, flamingo wengi wakahama. Naivasha, watu wa mtaa wa Kihoto wamehamishwa na maji zaidi ya mara moja. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka usiku Mai Mahiu yakaua makumi ya watu, karibu kabisa na madishi yale ya Longonot. Picha za setilaiti huonyesha ziwa likipanuka na maji yakijikusanya mahali yasipostahili. Lakini picha haimwamshi mtu usingizini. Anahitajika mtu wa kuisoma, ofisi ya kuipokea, na chifu wa kugonga mlango.

Ghana walikuwa na dishi lao la zamani la simu pale Kuntunse. Mwaka 2017 walilizindua upya kama darubini ya redio ya kusikiliza nyota, na vijana wao wakafundishwa hapo. La Longonot limezungumziwa kwa kazi kama hiyo. Kuzungumza kumetosha.

Kuna na hatari ya kujulikana mapema. Tarehe 30 Disemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu lilisema ni kipande cha roketi. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo inayolipa hasara ardhini. Ila mkataba huo huo unamhesabu kuwa mrushaji hata yule aliyetoa ardhi yake tu. Yaani tukirudisha roketi Ngomeni, kipande kikimwangukia mtu nchi nyingine, mdai anaweza kubisha hodi kwetu pia.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mjadala ukija tusiulize kama tunataka roketi. Tuulize wavuvi wa Ngomeni watafungiwa bahari siku ngapi kwa mwaka na watalipwa nini. Tuulize ni vijana wangapi wa Magarini na Malindi watasomeshwa uhandisi, wala si ulinzi wa geti peke yake. Tuulize bima ya hasara inalipwa na nani. Na tuulize habari itakayoshuka itapokelewa wapi: Longonot kwa mikono yetu, au ng'ambo tuuziwe?

Mkataba mpya na Italia ulitiwa saini Oktoba 2016, na mikataba huwa na mwisho wake. Wazee wetu mabaharia walituusia: usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa miaka hamsini tumefanya hivyo hasa. Wakati wa kudai usukani ni kabla ya tanga kupandishwa.