Mtoto wa Nyoka

Wako wenzetu katika idara za Kiswahili washikao kwamba picha ya Kihindi si jambo la fasihi yetu. Hoja zao ni mbili: kwamba maneno yake ni ya Kihindi, na watazamaji wetu hawakuyafahamu; na kwamba ni burudani ya kuuzwa tu, isiyostahili wino wa msomi. Kwa hoja hizo lilikataliwa pendekezo la mwanafunzi mmoja aliyetaka kukusanya masimulizi ya watazamaji wa zamani wa Moshi na Machame. Chuo kilichomkatalia sina haja ya kukitaja. Mimi nasema hoja zote mbili ni dhaifu, na hasara yake huzidi kila tuzikapo mzee mgombani.

Tutwae picha moja, Awaara, iliyotolewa Bombay mwaka 1951. Jaji Raghunath aliamini kuwa mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na kwa imani hiyo akamfunga Jagga pasipo ushahidi wa haki. Jagga akatoroka, akamteka mke wa jaji, kisha akamwachilia alipojua ni mja mzito. Mume akamshuku mkewe, akamfukuza. Mtoto, Raj, akazaliwa njiani, akakulia katika mtaa wa mafukara, na Jagga akamfunza wizi ili jaji aone damu yake mwenyewe imekuwa mwizi. Je, hii si methali yetu, mtoto wa nyoka ni nyoka, imeshtakiwa na methali yetu nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo? Nani ahitaji Kihindi kuifahamu daawa hiyo?

Ama kwamba ni kazi ya kubahatisha, wasemao hivyo hawajaichunguza. K. A. Abbas, mmoja wa watungaji wa kisa, alishikilia kuwa jaji na mwanawe waigizwe na Prithviraj Kapoor na Raj Kapoor, baba na mwana wa kweli. Mehboob Khan, aliyekusudiwa kuiongoza picha, alimtaka Dilip Kumar awe mwana. Abbas akaondoa kisa chake, na Raj Kapoor akaichukua kazi na kuiongoza mwenyewe. Shashi, nduguye mdogo, aliigiza Raj wa utotoni. Babu yao akaketi katika kiti cha hakimu. Inachekesha kidogo kwamba picha ikanayo nguvu ya damu iliigizwa na vizazi vitatu vya damu moja! Sisemi haina dosari. Raj ampigapo Rita, nasi tukatakiwa tuone ni mapenzi, mimi huchukia.

Mwanahistoria Laura Fair ameandika jinsi vijana wa Zanzibar walivyoitumia picha hii kujadiliana juu ya mapenzi na mamlaka ya wazazi. Huku mlimani nimesikia jambo jingine. Mzee mmoja wa Machame, aliyeiona ujanani mwake mjini Moshi, alinisimulia kisa chote mchana mmoja bila kutamka neno la Kihindi. Katika simulizi yake jaji hakumfukuza mke tu. Alimnyima mwana kihamba. Asiyejua uzito wa neno hilo na ajue: kihamba ni migomba, ni kahawa, ni nyumba, ni makaburi ya babu, na baba ndiye amkatiaye mwanawe sehemu. Asiye nacho hana pa kuzikwa. Basi "awara", yaani mzururaji, kwake si mhuni wa mjini, bali ni mwana aliyenyimwa na babaye mahali pa kusimama. Nilipomwuliza kama ilikuwa haki Raj kufungwa miaka 3, aliniuliza baba alifungwa mingapi.

Hiyo ni picha ya Bombay, au ni fasihi simulizi ya Machame? Twafundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wala hatuulizi kama Shakespeare alijua Kiswahili. Twafundisha hekaya za Abunuwasi. Mbona mgeni huyu mmoja adaiwe hati ya kuzaliwa?

Aliyeiona Awaara mwaka 1955 akiwa na miaka 20 sasa ana miaka 90 au zaidi. Mwanafunzi yule aliomba kinasa sauti kimoja, nauli ya kupanda Machame na kushuka, na miezi michache ya kuwasikiliza wazee. Mpeni, tena mwaka huu.