Nyumba Isiyo na Alama ya X

Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni neema kwa Ufipa, na asiyekiri hivyo hakumbuki jinsi malori ya mahindi yalivyokuwa yakikwama katika tope wakati wa mvua. Mkataba wa fedha zake baina ya Tanzania na Marekani ulitiwa sahihi mwaka 2008. Zimefuata barabara nyingine, na upanuzi wa kiwanja cha ndege mjini. Hatuandiki ili kuyalaumu maendeleo. Twaandika kwa ajili ya jirani wa maendeleo.

Kila mkazi wa kando ya barabara kuu aijua alama ya X. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara hizo ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya njia. Nyumba yenye X huandikwa, na mwenyewe, akistahili fidia, huthaminiwa mali yake. Lakini nyumba iliyo meta tano nje ya mpaka haina X, haina karatasi, wala haimo katika daftari la mtu yeyote. Ndipo hupita mtambo wa kushindilia, ule unaotetemesha ardhi hata vikombe vikalia kabatini. Kwenye machimbo ya kokoto hulipuliwa baruti. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, juu ya msingi usio na nondo. Haziuvumilii mtetemo kama ukuta wa zege.

Ufa ukitokea, mama mwenye nyumba huenda kambini kwa mkandarasi. Huko huulizwa swali moja tu: utathibitishaje kwamba haukuwapo? Swali hilo ni la haki, ingawa lauma. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 yamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Tena sisi twaishi katika Bonde la Ufa: tetemeko kubwa la Rukwa la Desemba 1910 limo katika kumbukumbu za wanajiolojia, na tarehe 5 Desemba 2005 ardhi chini ya Ziwa Tanganyika ilitetemeka kwa kipimo cha 6.8. Mkandarasi aweza kusema kuta zilipasuka zamani, na pengine asema kweli. Tukiri pia kwamba wako waamini wenzetu waliowahi kuonyesha ufa wa miaka kumi kana kwamba ni wa jana. Huo nao ni wizi.

Dawa yake si ngeni kwa wahandisi. Kabla ya kazi kuanza, mwakilishi wa mkandarasi, mhandisi mshauri, mwenyekiti wa kitongoji na mwenye nyumba hupita pamoja chumba kwa chumba. Kila ufa huandikwa: uko ukuta gani, urefu wake, upana wake, waelekea wapi. Hupigwa picha zenye tarehe. Kisima na choo havisahauliwi. Ufa wa zamani hugandishiwa kipande chembamba cha kioo kwa saruji. Ukuta ukisogea, kioo huvunjika. Wote hutia sahihi, na nakala moja hubaki kwa mwenye nyumba. Kazi ikiisha hupita tena watu wale wale na karatasi ile ile. Gharama yake ni ndogo mno kulinganishwa na kilometa moja ya lami.

Ukaguzi wa pili usingoje kambi ibomolewe. Mikataba ya ujenzi huwa na muda wa kurekebisha kasoro, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya malipo huzuiliwa kwa ajili hiyo. Baada ya hapo mjane hubaki na mahakama, naye aliyeharibiwa mali yake kwa uzembe wa mwingine ana miaka mitatu tu ya kufungua shauri.

Nabothi alinyang'anywa shamba mchana kweupe, hata nabii akapata la kusema. Dhuluma ya ufa hainyang'anyi kiwanja, hupanua ukuta tu kidole kwa kidole, na mwenyewe huambiwa ni mvua.

Kwa hiyo twataka ukaguzi huu uwe sharti katika kila mkataba wa TANROADS na TARURA unaopita penye makazi, nao madiwani wetu waulizwe juu yake kabla ya zabuni, si baada. Twataka pia parokia zijihukumu zenyewe: tunapochimba msingi wa ukumbi, je, tumekwenda kuutazama ukuta wa jirani?

Na sharti likikosekana, jumuiya ndogondogo zisikae kungoja. Vijana wenye simu za kupiga picha wapite na daftari, wakianza kwa wajane na wazee wasiojua kusoma, na mtendaji aombwe kugonga mhuri. Daftari likae kwa katibu wa jumuiya, nakala kwa mwenye nyumba. Kazi hiyo iwe imekwisha siku greda la kwanza litakapoonekana.