Daftari la Wiki: Filamu Ambayo Johannesburg Bado Inaidai

Filamu ya wasifu, yaani ile inayoyaigiza maisha ya mtu halisi, imemfanya mjasiriamali wa teknolojia kuwa shujaa wake mpendwa, kwa kuwa maono, jambo lisiloonekana, huweza kupewa sura moja na sauti moja. Katika *Steve Jobs* ya mwaka 2015, Danny Boyle aliyabana maisha yote ya mwanzilishi huyo wa Apple ndani ya hafla tatu za kuzindua bidhaa, za mwaka 1984, 1988 na 1998, huku wahandisi wakibaki nyuma ya pazia wakidai kutajwa. Mwaka 2023 iliripotiwa kuwa kampuni ya A24 imepata haki za kitabu cha Walter Isaacson kuhusu Elon Musk, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1971 na kusoma kwa muda Bryanston, kaskazini mwa Johannesburg.

*

Jiji hilo, hata hivyo, lina kisa chenye utamu zaidi, nacho kimehifadhiwa katika majalada ya mahakama. Mnamo Novemba 2000 Nkosana Makate, mhasibu aliyekuwa bado mafunzoni katika kampuni ya simu ya Vodacom, ambaye mchumba wake mwanafunzi mara nyingi hakuwa na salio, alipendekeza huduma ya kumwezesha mtu kutuma ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi, waliokuwa wakibipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa, wanaielewa haja hiyo bila kufafanuliwa. Philip Geissler, mkurugenzi aliyesimamia ubunifu wa bidhaa, aliahidi kwa mdomo kwamba huduma ikifaulu Makate atapata mgawo wa mapato, ambao kiwango chake kingejadiliwa baadaye. Huduma ilizinduliwa mwaka 2001, jarida la ndani la kampuni likampongeza Makate, lakini malipo hayakuja, naye akaishtaki kampuni.

*

Kinachomhusu mpenzi wa filamu za wasifu ni kwamba wasifu wenyewe uliingia kizimbani. Katika *Second is Nothing*, kitabu cha mwaka 2009 kuhusu maisha yake ya kazi, Alan Knott-Craig, aliyekuwa mkuu wa Vodacom, alijitaja kuwa ndiye mbunifu wa huduma hiyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Johannesburg haikuyaamini maelezo hayo, ingawa ilimnyima Makate ushindi kwa hoja mbili: muda wa kudai ulikuwa umepita, na Geissler hakuwa na mamlaka ya kuifunga kampuni kwa ahadi. Tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba, iliyoko Braamfontein, ilizitupilia mbali zote mbili, ikieleza kwamba kampuni iliyomwonesha mtu hadharani kuwa ana mamlaka haiwezi kuyakana pale inapoifaa.

Ikumbukwe pia kuwa Ari Kahn, aliyekuwa mshauri wa MTN, kampuni shindani ya simu, amedai kubuni huduma kama hiyo na kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Mwandishi wa kawaida wa mswada wa filamu angemfuta mara moja. Aliye hodari angemfanya mhusika wa tatu.

*

Makate aliikataa randi milioni 47 aliyopangiwa na Vodacom mwaka 2019, na shauri likaendelea hadi maafikiano ya nje ya mahakama mnamo Novemba 2025. Kiasi hakikutangazwa, jambo litakalomsumbua mtayarishaji yeyote anayependa kufunga filamu kwa tarakimu kubwa kwenye skrini nyeusi.