Samaki Moja, Nchi Nne



Kila mara ziwa Tanganyika linapofungwa, maneno ni yale yale: Leta inatuua njaa juu ya wazungu wenye kupenda samaki kuliko watu. Wengi kati yetu tunalipa minervali kwa pesa ya ndakala, na mimi vilevile. Basi sisemi kama mtu wa pembeni. Lakini kufunga ziwa mimi ninakubali, isipokuwa jambo moja.

Ziwa ni la Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kama kila nchi inahesabu samaki peke yake, hiyo si hesabu. Ndiyo sababu, toka 1992, watafiti wa Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mpulungu walianza kupima kwa namna moja, wakisaidiwa na FAO pamoja na Finlandi. Meli yao, Tanganyika Explorer, ilizunguka ziwa lote, kilometa zaidi ya 650, ikituma sauti ndani ya maji ili kujua makundi ya samaki. Halafu katika 2019 watu wa kituo cha Uvira na wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walichunguza chembe za urithi za ndakala toka pande mbalimbali, wasione ukoo mbalimbali. Maana yake, ndakala wa hapa na wa Zambia ni jamaa moja. Tukifunga sisi peke yetu, tunawachungia wengine tu!

Kwa hiyo kazi ya vituo iliingia katika sheria. Nchi nne zilitia sahihi mapatano ya ziwa katika 2003, na katika 2021 mawaziri wakakubali kufunga uvuvi miezi 3 kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa toka 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kuko jambo lingine lenye mvuvi hawezi kuona toka mtumbwini. Maji ya juu yamepata joto. Maji ya joto ni mepesi, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini, na mbolea ya ziwa imelala kule chini. Viumbe vidogo vya majini vinapungua, ndakala wanakosa chakula. Kumbe kosa si la nyavu peke yake, na kufunga hakuwezi kuponya yote. Juu ya nini watu hawaambiwi hivyo?

Hapo ndipo ninapokataa. Mvuvi anaambiwa kulala njaa miezi mitatu, na ripoti inabaki katika ofisi. Wavuvi wangepimisha samaki wao pamoja na watu wa labo, wangesadiki. Na hesabu ya kabla na ya nyuma ya kufunga ibandikwe sokoni, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ripoti. Mama mwenye kuuza ndakala anajua hesabu kuliko wengi wetu wa mwaka wa sita.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa 6, Biyolojia-Kemia